Ua Linaloishi Juu ya Jiwe

Wasomi wa Kiswahili wanamkumbuka William Ernest Taylor kwa kazi ya kalamu. Ndiye mmisionari wa Mombasa aliyekaa na Mwalimu Sikujua wakakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, na ndiye aliyechapisha mkusanyo wa methali za Waswahili mwaka 1891. Lakini Taylor alikuwa na jicho la mimea pia. Mwaka 1887, akiwa Giriama, alichuma kimmea kifupi chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau iliyopauka, nacho kikapelekwa kwenye bustani ya Kew, Uingereza. Huko kilimkuta ndugu yake ametangulia: Sir John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja miaka mingi, alikuwa ametuma mmea wa jamii hiyohiyo mwaka 1884. Yote miwili ilihifadhiwa mikavu, haikupewa jina.

Jina lilipatikana kwa njia ya Tanga. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akisimamia wilaya ya Tanga, aliuona mmea huo mwaka 1892 kwenye nyufa za miamba ya chokaa si mbali na mji, kisha akauona tena juu zaidi, kwenye milima ya Usambara. Akampelekea baba yake Ujerumani, mzee aliyependa sana mimea, naye baba akamfikishia Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Wendland aliuotesha, ukachanua, na mwaka 1893 akautangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka huohuo ulionyeshwa katika maonyesho ya maua ya Ghent, Ubelgiji, na baada ya hapo kampuni ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake. Mwaka 1927 watunza bustani wa Armacost na Royston, Los Angeles, walitoa aina kumi walizozichagua kutoka kwenye mbegu za Ulaya. Kufikia mwaka 1946 Wamarekani walikuwa na chama kizima cha wapenzi wa ua hili moja. Leo lina chotara kwa maelfu: meupe, ya waridi, ya petali zilizorundikana, yenye kingo za kijani. Katika madirisha ya Ulaya na Marekani ni miongoni mwa maua ya chungu yanayojulikana kuliko yote.

Nalitaja hili si kwa ajili ya fahari tupu. Mtu wa Chicago anaweza kukueleza namna ya kulimwagilia, ilhali mtu wa Muheza, Kaloleni au Taita, ambaye ua hili liko umbali wa mwendo wa miguu kutoka kwake, pengine hajawahi kuliona. Na lile la porini ndilo bora kwa baraza zetu. Ni dogo, ni la kiasi, na kila tabia yake inaeleweka ukiutazama mwamba linakoishi. Ushauri wote wa kuliotesha nitakaoutoa katika sura hii umeandikwa kwenye mwamba huo.

Kuhusu jina, kuna badiliko moja la kujua. Mwaka 2015 wataalamu, baada ya kuchunguza vinasaba, waliuingiza ukoo wote wa Saintpaulia ndani ya jenasi ya Streptocarpus, ndiyo maana vitabu vipya vinasema Streptocarpus ionanthus. Watunza maua bado wanatumia jina la zamani, nami nitawafuata. Kwa Kiswahili nitasema urujuani wa Usambara, ingawa hauna undugu na urujuani wa Ulaya.

Sasa twende mwambani. Mto Sigi unateremka kutoka Usambara Mashariki kuelekea Tanga, ambako maji yake hunywewa na mji mzima. Kwenye korongo zake, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kuna mawe makubwa yaliyosimama wima chini ya miti mirefu. Upande usiopigwa na jua jiwe lina unyevu, limefunikwa na vimea vidogo vya kijani, na katikati ya vimea hivyo ndipo urujuani ulipojishikiza. Majani yamepangana duara, kila moja na kikonyo chake, yakilala karibu kabisa na jiwe. Shika jani moja taratibu. Ni nene, limejaa maji, na juu lina manyoya mafupi yanayosimama wima kiasi kwamba tone la maji hukaa juu yake kwa muda bila kulowesha ngozi ya jani. Upande wa chini mara nyingi ni mweupe au una wekundu. Ukiinama zaidi utaona kwamba udongo karibu haupo: ni majani yaliyooza, mchanga kidogo ulioletwa na maji, na nyuzi za mizizi membamba sana ambayo haijaenda chini bali imesambaa ubavuni mwa jiwe ikifuata ufa.

Maisha haya ya jiweni hayako Usambara peke yake. Jamii za mmea huu ziko Nguru, ziko Uluguru, na upande wa Kenya ziko kwenye msitu wa Mbololo katika vilima vya Taita na kwenye miamba ya chokaa ya Cha Simba, karibu na Kaloleni, nchi ileile ya Giriama aliyopita Taylor. Ile ya Taita, teitensis, na ile ya Kaloleni, rupicola, zote mbili zina eneo dogo mno na zimo hatarini kutoweka. B. L. Burtt wa bustani ya Edinburgh, aliyezipanga jamii hizi katikati ya karne iliyopita, alizipa baadhi yake majina ya mahali: Shume, Tongwe, Taita. Ukisoma orodha yake ni kama kusoma ramani ya milima yetu.

Ukiuelewa mwamba, chungu kinajipanga chenyewe. Mizizi ya mmea huu imezoea kupata maji na hewa kwa wakati mmoja. Mvua inaponyesha jiwe hulowa, kisha maji huteremka na kuondoka. Ndiyo maana udongo wa shambani, hata ule mweusi wenye rutuba unaostawisha mchicha, huuua urujuani ndani ya wiki chache: hushikamana, hubana hewa, na mizizi huoza. Mchanganyiko unaofaa ni mwepesi. Mimi napendelea sehemu mbili za vumbi la makumbi ya nazi, sehemu moja ya mboji ya majani iliyoiva kabisa, na sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mto uliooshwa pamoja na chenga za mkaa zilizochekechwa. Makumbi ya pwani huwa na chumvi, kwa hiyo yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa mpaka maji yatoke safi. Anayeishi karibu na Bonde la Ufa na anaweza kupata jiwe jepesi la volkano lililopondwa, aliweke badala ya mchanga. Ukiufinyanga mchanganyiko huo ukiwa na unyevu kisha ukafungua kiganja, unatakiwa uachane. Ukibaki donge, ongeza mchanga.

Chungu kiwe kidogo na kifupi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa wema: wanaupa mmea mdogo kopo kubwa wakidhani wanaupa nafasi, kumbe wanaupa udongo mbichi usiofikiwa na mizizi, na udongo huo hukaa na maji. Kipenyo cha chungu kiwe kama theluthi moja ya upana wa mmea wote. Kwa aina nyingi za porini sentimita 8 hadi 10 zinatosha kwa maisha yake yote, mradi ubadilishe udongo mara moja kwa mwaka.

Mwanga nao ni ule wa chini ya miti. Urujuani wa Usambara hautaki giza, unataka kivuli chenye mwanga. Mahali ambapo mtu anaweza kusoma gazeti mchana bila kuwasha taa, na jua kali halifiki, panafaa: baraza lenye paa pana, dirisha linalotazama mashariki na kupokea jua la asubuhi tu, chini ya kivuli cha mwembe uani. Mmea wenyewe utakuambia. Ukikosa mwanga vikonyo hurefuka, majani husimama kama yanatafuta kitu juu, na maua hayaji. Ukizidishiwa, majani hupauka, hukunjamana kuelekea chini, na katikati hubana.

Kisha joto. Usambara ya mabondeni na Uluguru ya ukunguni si nchi moja, wala mimea yake haina tabia moja. Ionantha aliouona Saint Paul karibu na Tanga unaishi karibu na usawa wa bahari, katika joto na unyevu wa pwani. Huo, pamoja na rupicola wa Kaloleni, ndio wa kuanza nao kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja. Goetzeana wa Uluguru huishi juu sana, kwenye baridi na ukungu, na ukimleta Kariakoo unamtesa. Mtu wa Lushoto anaweza kumjaribu. Grotei wa maeneo ya Amani, mwenye shina refu linalotambaa, anafaa kuning'inizwa kwenye kopo lililofungwa kamba, maana ndivyo anavyoning'inia kwenye majabali. Kwa jumla joto la kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi linawafaa wengi wao, na usiku wa chini ya nyuzi 12 unawadhuru. Mtu wa Nairobi auingize mmea ndani mwezi wa Julai.

Kumwagilia kunahitaji uangalifu kuliko yote, na hapa kuna jambo ambalo sababu yake inapendeza kuijua. Maji baridi yakidondoka juu ya jani lenye joto, chembe zilizo chini kidogo ya ngozi ya juu hupasuka na kufa, na jani hubaki na madoa ya duara yasiyofutika. Si maji yenyewe yanayodhuru, ni tofauti ya joto. Mvua ya msituni ina joto la msitu, jani halishtuki. Basi teka maji jana yake, yakae chumba kimoja na mmea, ndipo umwagilie. Maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba. Mimina ukingoni mwa udongo, wala usimwage katikati ya majani, kwa sababu mwambani mmea umekaa kwa kuinama na maji hayasimami kwenye moyo wake. Chunguni mmea umekaa wima, na maji yakituama katikati huozesha moyo. Subiri mpaka udongo wa juu uwe mkavu kidoleni kabla ya kumwagilia tena.

Msafiri, au mtu asiye na muda, atumie utambi. Chukua uzi wa nailoni, si wa pamba, maana pamba huoza. Pitisha kwenye tundu la chini ya chungu mpaka ndani ya udongo, na ncha ya pili itumbukie kwenye kopo la maji lililowekwa chini. Udongo utajivutia maji kidogokidogo, jinsi ufa wa mwamba unavyopokea maji kutoka juu. Kwa njia hii mchanganyiko uwe mwepesi zaidi, mchanga uongezwe.

Chakula kiwe kidogo. Mwamba ni maskini, na mmea uliozoea umaskini huungua ukipewa utajiri wa ghafla. Samadi mbichi isiuguse. Mbolea ya maji ya dukani ichanganywe robo ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na vikonyo vinavyougusa vinaanza kuoza, hiyo ni chumvi ya mbolea: suuza udongo kwa maji mengi na upumzishe.

Wadudu wanaouandama ni vidung'ata, vithiripi na utitiri. Mmea mgeni utengwe na wengine kwa wiki kadhaa. Kidung'ata kinachoonekana kiondolewe kwa pamba iliyochovywa spiriti. Mmea ambao majani ya katikati yamedumaa, yamekakamaa na kujikunja kwa sababu ya utitiri, ni afadhali uchomwe moto kuliko kuambukiza uliobaki.

Nimefika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Mmea huu huzaliana kwa jani. Jani moja tu, pamoja na kikonyo chake, linatosha kutoa miche kadhaa iliyo sawa kabisa na mama yake. Kwa hiyo hakuna sababu yoyote, hata ya mapenzi, ya kung'oa mmea mwambani. Anayeng'oa huharibu mara mbili, maana mizizi iliyozoea ufa wa jiwe huvunjika na mmea aghalabu hufa njiani. Tena misitu hii ni ya hifadhi, na kuchukua mmea wowote bila kibali ni kosa kisheria. Hata jani liombewe ruhusa. Njia iliyo rahisi ni kumwomba jani mtu aliye na mmea tayari, au mtunza bustani ya mimea. Kuna wapenzi wa Ulaya na Marekani waliozihifadhi aina za porini kwa miongo mingi, kizazi baada ya kizazi, na aliye na ndugu huko anaweza kuletewa mbegu kwa kufuata taratibu za ukaguzi wa mimea.

Chagua jani lililokomaa lakini si kuukuu, la mzunguko wa pili au wa tatu kutoka nje. Likate na kikonyo chake kwa wembe safi, kisha punguza kikonyo kibaki kama sentimita 3, ukikata kwa mshazari ili sehemu ya kutolea mizizi iwe pana. Liache likauke jeraha kwa dakika chache. Chomeka kikonyo sentimita moja na nusu ndani ya mchanga na vumbi la makumbi lenye unyevu wa kadiri, jani likiwa limeinama kidogo. Kata chupa kubwa ya maji katikati, ufunike nusu ya juu bila kizibo, ili unyevu ukae na hewa ipite. Weka kivulini.

Baada ya wiki tatu au nne, ukilivuta jani kidogo sana, litakataa kutoka: mizizi imeshika. Kisha huja kipindi ambacho hakuna kinachoonekana, na wengi hukata tamaa wakalitupa. Usilitupe. Karibu mwezi wa pili au wa tatu, pale kikonyo kinapoingia udongoni, hutokeza vijani vidogo vya kijani kibichi, vimesongamana, tayari vina manyoya. Miche hiyo ikifikia theluthi ya ukubwa wa jani mama, itenganishe kwa kijiti, kila mmoja na mizizi yake. Itachanua miezi sita hadi tisa baadaye.

Jani hutoa nakala tu. Anayetaka mmea mpya lazima apitie kwenye ua, na ua hili limejengwa kwa ajili ya nyuki wa aina fulani. Litazame kwa karibu: petali mbili ndogo juu, tatu kubwa chini, na katikati vifuko viwili vya chavua vya manjano kali, vilivyounganishwa nchani. Halina asali hata tone. Anachokuja kukitafuta nyuki ni chavua, na chavua imefungiwa ndani ya vifuko vyenye mwanya mwembamba tu. Nyuki wa asali hawezi kuitoa. Wanaoweza ni nyuki wapweke wa msituni, wakiwemo wale wa jenasi ya Amegilla walioonekana Taita, ambao hung'ang'ania vifuko hivyo na kutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka mpaka chavua inyunyizike. Kijiti cha kike chenye stigma hakiko katikati, kimepinda kando. Katika ua moja kimepinda kushoto, katika jingine kulia, hata kwenye mmea mmoja. Chavua inayomgusa nyuki ubavu mmoja inafikishwa kwa urahisi kwenye ua lililopinda upande wa pili, na hivyo mbegu nyingi zaidi hupatikana kwa kuchanganya maua kuliko kwa ua kujizalisha lenyewe.

Nyuki huyo anataka msitu. Mti wa juu ukikatwa, jua hulifikia jiwe, vimea vya kijani hukauka, na urujuani hufa pale ulipo, kwa sababu hauna udongo wa kujifichia. Usambara Mashariki imeonja hali hiyo kwa ukataji wa magogo, na pia kwa iliki, inayopandwa chini ya miti mikubwa baada ya kufyeka mimea yote ya chini. Kwa hiyo chungu barazani hakiwezi kuchukua nafasi ya Sigi au Mbololo. Kinachoweza ni kumfanya mtu auzoee mmea huu, aujue kwa majani yake, na akipita msituni aone kile ambacho kwa miaka mingi tumekuwa tukikipita.

Barazani, basi, wewe ndiye nyuki. Chukua ua lililochanua siku chache zilizopita, pasua kifuko cha manjano kwa sindano, na unga mweupe utabaki kwenye ncha yake. Upake kwenye stigma ya ua la mmea mwingine wa aina ileile. Likikubali, petali zitaanguka na kijitunda cha kijani kitaanza kuvimba mahali pake. Kitakaa kijani muda mrefu, miezi minne, mitano, hata zaidi. Kikinyauka na kuwa kahawia kikate, kiache kikauke juu ya karatasi nyeupe, kisha kifungue mahali pasipo upepo. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Zinyunyize juu ya vumbi la makumbi lililolowa, usizifukie, maana zinahitaji mwanga ili ziote, na ufunike kwa kioo au nusu ya chupa. Wiki mbili hadi nne zikipita utaona doti za kijani.

Andika kibandiko tangu siku hiyo: jina la aina, mahali mama yake alikotoka, tarehe. Chavua ya chotara wa dukani isikaribie mmea wa porini unaoutolea mbegu, na wa Taita usichanganywe na wa Tanga. Mmea uliopoteza asili yake bado ni ua zuri, lakini hautafaa tena siku itakapohitajika miche ya kurudishwa Mbololo au Cha Simba.